Upanga wa Kirumi haukuwa wa kufyekea

Ukitazama muvi kwenye vibanda umiza vya hapa Dar, utaamini askari wa Roma alipigana akizungusha upanga kama anayefyeka majani. Ndani ya safu angemkata mwenzake kwanza. Mwandishi wa Kirumi Vegetius anampa kila askari futi 3 za upana, yaani hata mita moja haifiki.

Ndiyo maana kazi ilianza na ngao. Askari alirusha mkuki wake, pilumu, akasonga ngao ikiwa mbele, kisha akachomoa upanga. Ala ilining'inia kulia. Mkono ulishuka, kiganja kikageuka nje, mpini ukavutwa juu na kusukumwa mbele, kiwiko kisikwame kwenye ngao. Makenturioni walivaa kushoto, lakini hao ni wakubwa.

Upanga huo uliitwa gladiusi. Ule wa karne ya 1 wa aina ya Pompeii una bapa la sm 42 hadi 50 hivi, makali pande mbili, ncha fupi. Ulichoma tumbo au uso, kwa kupenya pembeni mwa ngao ya adui. Vegetius anadai inchi 2 zikiingia zinatosha kuua. Msidhani haikukata, hata hivyo: gladiusi za zamani zaidi, zenye asili ya Hispania, zilizidi sm 60, na Livy, mwandishi wa historia wa Roma, anasimulia Wamakedonia wa mwaka 200 KK walivyotishika kuona wenzao wamekatwa mikono na vichwa.

Mpini ulikuwa wa mfupa au mbao, wenye mabonde ya vidole. Msuka, yaani mkia wa bapa, ulipita katikati yake hadi nje ya kirungu cha mwisho, ukagongwa ncha ili usichomoke. Pakilegea hapo, mpini mzima unacheza. Chuma nacho kilitofautiana: bapa moja lina makali ya chuma cha pua, jingine ni chuma laini kinachopinda.

Udhaifu mkubwa ulikuwa ufupi. Katika pigano la Pydna, mwaka 168 KK, mikuki mirefu ya Wamakedonia iliwazuia Warumi mpaka safu ya Wamakedonia ilipopata mianya. Katika pigano la Carrhae, mwaka 53 KK, Waparthi, watu wa upande wa Uajemi, walipiga mishale wakiwa juu ya farasi, na hapo upanga haukuwa na wa kumfikia.

Wapanda farasi wa Roma walitumia spatha, ndefu zaidi, kwa sababu anayeketi juu anahitaji kufika chini. Kufikia karne ya 3 askari wa miguu nao wakaichukua, na ala ikahamia kushoto, kwa kuwa bapa refu halichomoki vizuri kutoka kulia.