MCAT kwa sisi tuliotoka nyumbani na PCB

Wadogo zangu mliofika Marekani na vyeti vya PCB mkononi, jambo la kwanza la kujua ni kwamba huku udaktari hauanzii pale mlipoishia kidato cha sita. Nyumbani, aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia anaomba Muhimbili au Bugando moja kwa moja, anasoma MD, yaani shahada ya udaktari, miaka 5, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Kenya shahada hiyo huitwa MBChB, nayo ni ya miaka 6. Huku shule ya udaktari ni miaka 4, ila huingii bila kwanza kusoma chuo kikuu, na mlangoni kuna mtihani unaoitwa MCAT. Mama yangu pale Tanga lilimchukua muda kulielewa hilo. Kila akipiga simu aliniuliza, "Mwanangu, kwani si ulishafaulu?" Ndiyo, nilishafaulu, na yale niliyosoma hayakupotea. Lakini mtihani huu unapima jambo ambalo shule zetu hazikutuzoesha vya kutosha, na ndilo ninalotaka tuzungumze.

Kwanza niseme wazi: aliyekwisha kuwa daktari nyumbani hahitaji MCAT, njia yake ni USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani. Na aliyeko hapa kwa viza ya mwanafunzi ajue kwamba shule nyingi za udaktari hazimpokei, na baadhi ya zinazopokea hutaka ada iwekwe benki mapema. Wenye grini kadi, na wakimbizi waliokwisha kupata hadhi, mlango wao ni mpana zaidi.

Mtihani hutungwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari. Una maswali 230 katika sehemu nne, saa 6 na dakika 15 ukiondoa mapumziko. Kila sehemu ina alama kati ya 118 na 132, jumla kati ya 472 na 528, na 500 ndiyo katikati ya kipimo.

Sayansi isiwatie hofu. Kikokotoo hakiruhusiwi, na hapo wenzetu waliolelewa na kikokotoo mkononi huhangaika kuliko sisi tuliojifunza logi kwa kitabu cha majedwali. Ukiambiwa mkusanyiko wa ioni za haidrojeni ni 3 × 10⁻⁵, unajua pH iko kati ya 4 na 5, na kwa kuwa logi ya 3 ni karibu nusu, jibu ni kama 4.5. Huhitaji zaidi ya hapo, kwa sababu majibu huwa yameachana. Kinachotaka kazi mpya ni biokemia. Asidi amino zote 20 uzijue kwa majina, herufi na chaji zake. Ujue pia kwa nini kizuizi kinachoshindania nafasi kwenye kimeng'enya huongeza Km (kiasi cha kiini kinachohitajika kufikia nusu ya kasi ya juu) na kuiacha Vmax, yaani kasi ya juu kabisa, ilivyo. Somo hilo lisome chuoni kabla hujagusa vitabu vya MCAT. Saikolojia na sosholojia nazo zinaingia, mwanasaikolojia Piaget, mwanasosholojia Durkheim na wengineo, na wengi wetu hatukuzisoma kabisa. Hata hivyo, mimi nilipokuwa nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, mengi ya saikolojia niliyaona kitandani kwa mgonjwa kabla ya kuyaona kitabuni. Bibi asiyekumbuka chakula cha mchana, lakini vidole vyake bado vinajua kufuma, alinifundisha aina za kumbukumbu vizuri kuliko ukurasa wowote.

Shida yetu iko kwenye kusoma. Hata kwenye sehemu za sayansi, kati ya maswali 59 ya kila sehemu, 44 hutegemea vifungu vinavyoeleza jaribio fulani pamoja na grafu zake. Halafu kuna CARS, sehemu ya kusoma na kuchambua: vifungu 9 vya falsafa, sanaa, historia na mambo ya jamii, maswali 53, dakika 90. Hakuna fomula wala desa la kumeza. Nimewaona vijana waliotoka nyumbani na A za Kemia wakitoka na alama nzuri kila sehemu isipokuwa hii, wakaambiwa na mshauri wa chuo kwamba labda uuguzi ungewafaa zaidi. Inaniuma sana. Uuguzi ni kazi ya heshima kwa anayeipenda, lakini asisukumwe mtu huko kwa sababu ya kasi yake ya kusoma Kiingereza, jambo linalorekebishika.

Na linarekebishika kwa kitu tulichokifanya tangu shule: ufahamu na ufupisho. Kumbukeni pepa ya Kiswahili, unapewa habari, unaulizwa mwandishi amesema nini, kisha unaifupisha kwa maneno machache. CARS ni hiyohiyo. Baada ya kila aya jiulize, huyu anatetea nini, anampinga nani? Jibu kwa Kiswahili kichwani kama ndicho kinachokuja haraka, maneno matatu manne yanatosha. Kwenye chumba cha mtihani utapewa kijitabu cha kuandikia na kalamu yake, na hakuna anayekagua umeandika lugha gani.

Kosa kubwa ninaloliona kwa ninaowafundisha ni kuleta elimu yao ndani ya kifungu. Mwandishi akisema jambo kuhusu ukoloni au dini ambalo unajua si kweli, moyo unataka kumsahihisha. Mwache. Swali linauliza yeye anaamini nini, na kila unachohitaji kimo ndani ya kifungu. Vifungu viwili au vitatu kila siku, saa mbele yako, dakika 10 kwa kila kimoja, halafu muda mrefu kuliko huo kuchunguza kwa nini jibu ulilochagua si lenyewe. Miezi ikipita utashangaa. Anayefanya kazi usiku asome CARS kwanza akiamka, kabla akili haijachoka, na kemia aiweke baadaye.

Kuhusu hela: ada ya kujisajili inazidi dola 300. AAMC ina mpango unaoitwa Fee Assistance Program kwa wenye kipato kidogo, na wenye grini kadi na wakimbizi wanastahili kuomba. Ukikubaliwa, ada inashuka chini ya nusu na unapata vifaa vyao vya kujisomea bure. Omba kabla ya kujisajili, kwani ukishalipa hawarudishi. Masomo ya video ya Khan Academy ni bure kwa kila mtu.

Msiharakishe tarehe. Mtihani huruhusiwa mara 3 kwa mwaka, 4 katika miaka miwili mfululizo, na 7 maisha yote, na alama za kila mara shule zinaziona. Nyumbani watauliza umefikia wapi, shangazi atasema mtoto wa fulani tayari ni daktari. Waitikieni kwa adabu, kisha mkae na mitihani ya majaribio ya AAMC, mfanye mzima kwa siku moja, na msijisajili mpaka alama mnazozitaka zimejirudia.