Ninavyotunga maswali ya kuchagua kwa akili mnemba

Ukiiagiza akili mnemba "nitungie maswali 20 ya sehemu", utapata 20 kweli, lakini vipotoshi vyake, yaani majibu yasiyo sahihi yanayowekwa pamoja na lile sahihi, havina kazi. Kwa 2/3 + 1/4 itakuwekea 7/8 au 5/9, majibu ambayo mwanafunzi hayafikii kwa njia yoyote ile. Anayekosa hapo amebahatisha tu, nawe hujajua tatizo lake.

Mimi huanza na makosa. Napitia madaftari yaliyosahihishwa, naandika majibu mabaya yanayojirudia na jinsi yalivyopatikana, bila jina la mtoto yeyote. Kwa swali hilo huwa ni matatu: 3/7 (amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini), 3/12 (asili, yaani namba ya chini, ameipata; kiasi, namba ya juu, hakukibadilisha), na 2/12 (amezidisha). Jibu ni 11/12. Kisha naielekeza hivi: "Tunga maswali 5 ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kila kipotoshi kitokane na kosa mojawapo kati ya haya. Andika kando ni kosa lipi. Usitumie 'yote hapo juu'." Huomba matano kwa mara moja; ukiomba zaidi, huanza kujirudia kwa kubadilisha namba tu.

Majibu yake siyaangalii kwanza. Nakokotoa kila swali mwenyewe, pamoja na vipotoshi, kwa sababu hukosea hesabu kwa lugha ya kujiamini kabisa.

Mtego ambao wengi hawauoni uko kwenye namba zenyewe. Iombe swali la eneo la mraba, inaweza kukupa upande wa sm 4. Eneo ni sm² 16, mzingo nao ni sm 16! Anayechanganya eneo na mzingo anapata tiki. Mstatili wa sm 3 kwa sm 6 una balaa hilohilo: 18 na 18. Kwa hiyo naongeza sharti: kila kosa litoe jibu lake, lisilolingana na jibu sahihi wala na kosa jingine.

Kwenye masomo ya maelezo, jibu sahihi mara nyingi ndilo refu kuliko mengine, na wanafunzi hulinusa upesi. Nalifupisha, halafu nachanganya herufi kwa mkono, maana ikiachiwa hupendelea B na C.

Baada ya jaribio nahesabu waliochagua kila herufi. Darasa la wanafunzi 40, kipotoshi kilichopata chini ya 2, yaani asilimia 5, nakitoa. Wakirundikana kwenye 3/7, narudia maana ya asili kwa michoro kabla ya kugusa kanuni. Wakirundikana kwenye 3/12, asili wameielewa; hapo nafundisha sehemu zilizo sawa, 2/3 kuwa 8/12, na dakika 15 hutosha.