Wajima: Rangi Inayotaka Mvua

Bakuli moja la supu, jekundu, lisilo na ua wala nakshi: yen 25,000. Nilizihesabu sifuri mara mbili. Ni zaidi ya shilingi laki nne za Tanzania, na mfuniko haumo. Mwenye duka aliuona uso wangu, akanitia bakuli mkononi bila kusema neno. Jepesi kama kifuu kikavu. Hiyo ilikuwa Kanazawa, Japani. Kesho yake nikapanda basi kwenda Wajima, mji yanakotengenezwa mabakuli hayo ya mbao yaliyopakwa urushi, yaani utomvu wa mti, kuona hizo laki nne zinakwenda wapi.

Tokyo naiacha, wameshaisimulia wengi. Wajima iko karibu na ncha ya rasi ya Noto, mkoa wa Ishikawa, na treni haifiki tena tangu 2001. Kuna basi tu, nauli zaidi ya yen 2,000, na viti vyake vimekatwa kwa kipimo cha watu wenye magoti mafupi. Barabara ina viraka kila mahali. Tetemeko la tarehe 1 Januari 2024, la ukubwa wa 7.6, liliangusha nyumba na karakana, moto ukateketeza mtaa wa soko la asubuhi, kisha Septemba ya mwaka uleule yakaja mafuriko. Mafundi wengi walihamia kwenye mabanda ya muda. Nilifika mwezi wa Juni, mvua ikinyesha tangu usiku, viatu vimelowa, na moyoni nikisema nimekosea msimu: nani atapaka rangi siku kama hii?

Kumbe mvua ndiyo wanayoitaka, ila kwa kiasi. Siku hiyo ilikuwa imezidi.

Fundi niliyepelekwa kwake, mzee wa makamo mwenye kucha nyeusi, alikuwa amesimama mbele ya kabati la mbao lililo wazi. Hakugeuka tulipoingia. Ndani mlikuwa na mabakuli kumi na mawili aliyoyapaka jana yake, na matano yalikuwa yamekunjamana pale ubavu unapokutana na kitako, mikunjo myembamba myembamba kama malai juu ya maziwa yaliyopoa. Kwao hali hiyo huitwa chijimi. Mkalimani wangu, binti wa Kanazawa, alininong'oneza tusimame kidogo kwanza.

Ili kuelewa kilichoharibika, sahau rangi ya dukani. Rangi ya mafuta tunayopaka milango hukaa ndani ya kiyeyusho. Kiyeyusho kikipaa, rangi huanza kukauka, kisha hewa huikaza, na jua linasaidia. Urushi ni utomvu wa mti, na haukauki kwa kupoteza kitu. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho lakase, ambacho huchukua oksijeni hewani na kuushikamanisha utomvu mpaka uwe mgumu. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi pakavu. Kwa hiyo chombo kilichopakwa huingizwa kwenye kabati, furo, neno lilelile Wajapani wanalolitumia kwa bafu, na kuta zake za mbao hupanguswa kwa kitambaa cha maji. Joto liwe nyuzi 20 hadi 25 hivi, unyevu asilimia 65 hadi 80. Ukiuanika urushi kwenye jua la Dodoma, wiki nzima utanata kidoleni.

Sasa, unyevu ukipita kiasi, ngozi ya juu huwahi kukaza na kutanuka kabla ya tabaka la chini halijashika. Haina pa kwenda, inajikunja. Na hujikunja penye unene, yaani kwenye kona ya kitako ambako brashi huacha ziada kidogo. Fundi alikuwa amelowesha kuta jioni kama kawaida yake. Usiku mvua ikaongeza yake. Kipimo cha unyevu kilisoma 88.

Nikamuuliza kama hakujaribu kwanza. Alijaribu. Kila anapochanganya urushi hupaka kidogo kwenye kipande cha kioo, akaweka kabatini na kuangalia unachukua saa ngapi, kwa sababu kila pipa lina tabia yake: wa mwanzo wa msimu hukauka upesi, wa mwisho huchelewa, na fundi huchanganya wa upesi na wa pole apate anaoutaka. Kioo chake kilikuwa sawa. Kioo kilijaribiwa usiku usio na mvua.

Basi matano yale yanafanywaje? Kama angeyakuta bado mabichi, angeyafuta kwa mafuta na kuanza upya mchana uleule. Yakishafunga ngozi, kilichobaki ni kungoja. Chini ya mikunjo utomvu ni laini bado, na ukisugua sasa utachimba mashimo. Yatakaa wiki kadhaa hadi yakauke moyoni, ndipo yasuguliwe kwa mkaa na maji mpaka tabaka hilo liishe, yapakwe tena. Aliyapanga kwenye ubao wa peke yake, akaandika tarehe kwa penseli, akafunga kabati. Hasira sikuiona. Ingekuwa mimi, mabakuli yangejuta.

Baada ya hapo akatuwekea chai na kunieleza yaliyo chini ya ule wekundu, na hapo ndipo laki nne zilipoanza kuonekana. Mti wa bakuli ni keyaki. Sinia na masanduku hutumia hiba, ambao Wajima wanauita ate. Bakuli huchongwa kwanza nene, likaachwa likauke miezi mingi, ndipo lichongwe jembamba. Ukikata hatua hiyo mti utapinda baadaye na rangi itapasuka juu yake. Kisha mti hunyweshwa urushi mbichi ili usinywe maji tena. Penye ufa hujazwa kibandiko cha urushi, unga wa mbao na uji wa mchele uliopondwa. Mdomo na kitako, sehemu zinazogongwa kila siku, huvishwa kitambaa kilichogandishwa kwa urushi na uji uleule. Ukilishika bakuli huwezi kukihisi kitambaa hicho, ila siku likianguka ndicho kinachookoa mdomo.

Juu ya kitambaa huja jinoko, na hili ndilo Wajima wanajivunia. Ni udongo mwepesi unaochimbwa kwenye kilima cha hapohapo, uliotokana na magamba ya viumbe wadogo sana wa majini. Huchomwa, husagwa, huchekechwa kuwa unga wa daraja tatu. Kila punje ina vitundu, na vitundu hunywa urushi. Vikishika, unapata kitu kigumu karibu na jiwe. Unga mnene hupakwa kwanza kwa kijiti bapa, ukakauka kabatini, ukasuguliwa kwa jiwe. Kisha wa kati. Kisha mwembamba kuliko yote. Mwenye haraka huruka moja. Tofauti haionekani dukani, itaonekana mwaka wa tatu au wa nne, tabaka linapobanduka kama ganda la yai. Baada ya udongo huja mkono wa kati wa urushi, kusugua kwa mkaa, halafu mkono wa mwisho. Ukihesabu kila kupaka, kungoja na kusugua, zinapita hatua 100, na huo ndio ufundi uliotambuliwa na serikali mwaka 1977 kama urithi muhimu wa utamaduni. Mtu mmoja hafanyi zote. Mchonga mbao ni mwingine, mpakaji mwingine, na anayechora kwa dhahabu, iwe kwa kukwangua mistari (chinkin) au kwa kunyunyizia unga wake (maki-e), ni mwingine tena.

Chumba cha mkono wa mwisho sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama mlangoni, kwa sababu sweta langu lina manyoya. Urushi wa mwisho huchujwa kwa karatasi laini inayosokotwa kama kamba mpaka utomvu uchuruzike, na huchujwa tena na tena. Punje ya vumbi ikitua, huinuliwa kwa ncha ya unyoya wa ndege kabla rangi haijatulia. Brashi yake ni nywele za binadamu zilizogandishwa ndani ya vibao viwili vya mti wa Kijapani uitwao hinoki, zikipita urefu wote wa mpini kama risasi ndani ya penseli. Ncha ikichakaa, unachonga kibao na nywele mpya zinatokeza. Husafishwa kwa mafuta ya mboga, na hapo pana mtego mwingine: mafuta yakibaki ndani, urushi hautakauka hata kabati likiwa sawasawa. Ndiyo maana kila asubuhi huanza kwa kuyakamua mafuta yale kwa urushi, mara kadhaa, kabla ya kugusa bakuli lolote.

Nikauliza kuhusu mti wenyewe. Hukua miaka 10 hadi 15, kisha hukwanguliwa gome kuanzia Juni, mstari baada ya mstari, mti ukipumzishwa siku chache kati ya mkwaruzo na mkwaruzo. Msimu mzima mti mmoja hutoa kama gramu 200. Glasi moja, basi. Halafu hukatwa, na machipukizi ya kisiki ndiyo yanayolelewa. Japani yenyewe hupata mwingi wa utomvu wake huko Joboji, mkoa wa Iwate, lakini sehemu kubwa ya unaotumika nchini hutoka China.

Akaniuliza natoka wapi. Nilipotaja Tanzania, aliuliza kama tuna mti wa familia ya urushi. Tunao, nikamwambia: mwembe na mkorosho. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akakunja mkono wa shati kunionyesha kovu la malengelenge ya urushi. Wabangua korosho wa Mtwara na Lindi wangelitambua bila kuuliza. Mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi kwa sababu ile ile, kemia yake ni ndugu wa ile ya urushi. Akainuka, akaleta kopo. Kashu, wanaiita: rangi iliyotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, inayokauka bila kabati la unyevu, kwa ajili ya wasio na subira wala laki nne. Yeye haitumii kwenye vyombo vya chakula, alisema, huku akishika kopo kwa vidole viwili.

Kisha akauliza sisi mafuta hayo tunayafanyia nini. Nikamjibu ukweli, kwamba korosho zetu nyingi huuzwa India na Vietnam zikiwa na maganda yake, na mafuta yanaondoka nazo. Mkalimani alitafsiri mara mbili, kwani mzee alidhani amesikia vibaya. Nilijikuta nikiwawaza wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, wanaong'arisha mpingo kwa kiwi ya viatu.

Bakuli sikununua. Nilichukua jozi ya vijiti vya kulia, yen 3,500, nikapewa masharti bure: visiwekwe juani, maana jua hula urushi, visiingie kwenye mashine ya kuosha vyombo, viwe vinatumika, kwa sababu vikikaa kabatini miaka bila kuoshwa hukauka kupita kiasi na kupasuka. Basi la kurudi lilichelewa dakika arobaini. Usiku wa pili, hotelini Kanazawa, kifundo cha mkono kilianza kuwasha mahali nilipoegemea mlango wa chumba kile.