Maharagwe na magharibi ya Nairobi

Nimehamia Nairobi mwaka huu na kabla sijapanda basi nilikuwa nimeshaambiwa mengi, kwamba shika simu vizuri ukiwa tao, kwamba landilodi wa huku anataka dipoziti na kodi kabla hujaingiza hata godoro, kwamba jam ya Mombasa Road itakumaliza, na zaidi ya yote kwamba watu wa huku hawasalimiani. Hilo la mwisho ndilo lilinikaa rohoni. Mimi ni mtu wa Kisauni kule Mombasa, nimelelewa kwa sabalkheri na waambaje, unatumwa dukani kununua sukari ya robo unarudi baada ya nusu saa juu kila mzee wa mtaa lazima umpe mkono na akuulize mamako yu hali gani. Sasa nimekaa huku miezi kadhaa na naona yale yaliyonishika kweli hakuna aliyenitajia hata moja, pengine ni madogo sana mtu haoni kama ni habari. Nayaandika leo kabla sijayazoea nikaacha kuyaona.

Naanza na maharagwe. Nyumbani nikiyaweka motoni baada ya alasiri, ikifika magharibi yameiva, natia tui, tunakula. Huku Donholm ninakokaa yanachemka na kuchemka, unaongeza maji, gesi inaenda, na ukilibonyeza moja kwa vidole bado katikati kuna kiini kigumu. Nikamuuliza mama mboga wa hapa nje ya ploti yetu kama haya maharagwe ni ya zamani. Akacheka, akaniuliza, "Umetoka pwani?" Nikamwambia eeh. "Basi loweka usiku mzima kastoma, huku usichemshe kama kwenu, gesi itaisha." Halafu akafunua sufuria kubwa iliyokuwa pembeni ya kibanda imefunikwa gunia, ndani maharagwe yameshaiva vizuri kabisa, anauza kwa kikombe, na sufuria ingine ni ya githeri. Tangu siku hiyo nikitembea mitaa ya huku naziona hizo sufuria kila mahali, mwanzo nilikuwa nazipita tu.

Usiku ndio fizikia ya sekondari ikanirudia kichwani. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda juu hivyo hewa inakuwa nyepesi, haikandamizi maji kama pwani, kwa hivyo maji yanaanza kuchemka mapema kabla hayajafika ule moto wake. Kwetu ni digrii 100, huku ni kama 94 na kitu. Ukiangalia sufuria unaona yanatokota vilevile, mvuke uko, kifuniko kinaruka, lakini moto ulioko mle ndani si ule na maharagwe yanajua. Yule mama hakunitajia mita wala digrii, ila anaijua hiyo tofauti kwa mikono yake na ameifanyia kazi, anachemsha sufuria moja kubwa kwa makaa kutoka asubuhi, watu wa ploti nzima wanapita na bakuli jioni na hakuna anayechoma gesi yake masaa matatu peke yake. Mimi naona hiyo ni akili kubwa sana.

Na huyo mama kuna kitu kingine lazima niseme. Ukinunua sukuma anakuuliza "nikukatie?" na ukisema ndio unasimama pale unaona kazi. Anapanga majani moja juu ya lingine, anayakunja yote pamoja yanakuwa mkunjo mmoja wa kijani, anaushika kwa mkono wa kushoto, kisu kinapita hapo mbele ya kidole gumba bila ubao wala nini, na sukuma inaanguka kwenye sinia nyembamba kabisa yaani unaweza kuihesabu nyuzi. Saa yote hiyo haangalii mikono, anaongea na mwingine, anarudisha chenji, anamfokea mtoto aliyekanyaga nyanya. Mwisho anatupia dania juu, hiyo hakuhesabii. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati yangu, kumbe ni kila mtu.

Sasa huyu mama mwezi wa kwanza hakuwahi kunisalimia. Nasema ukweli ilikuwa inaniuma, napita asubuhi nasema "habari ya asubuhi mama" yeye anajibu "poa" bila kuinua uso, mimi nabaki na maneno mengine yote mdomoni. Lakini kuna wiki kazini tulikuwa tunatoka usiku, nafika steji vibanda vyote vimefungwa, na siku moja nikakuta soja wa geti amesimama na mfuko, "umewachiwa na mama mboga, amesema utalipa kesho." Ndani sukuma imeshakatwa, nyanya, kitunguu, na maharagwe kikombe kimoja kwenye kibakuli chenye mfuniko. Hakuna mtu alikuwa amemwomba. Ameangalia tu akaona huyu wa pwani siku hizi hapiti mapema, atakula nini. Kesho yake naenda kulipa na shukrani zangu ndefu za Kisauni akasema "sawa sawa, leta hiyo bakuli" akaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu salamu. Kwetu tunakuuliza habari yako mpaka ya mbuzi wako ndio ujue tunakujali, huku mtu anajali halafu anarudi kwa shughuli zake, hasubiri hata umalize kusema asante.

Ukishaliona hilo mahali pamoja unaanza kuliona kwingine. Kwenye matatu kwa mfano. Watu wote kimya, kila mtu na simu yake, unaweza kusema hawa hawapendani, lakini kondakta akisimama mlangoni akianza kuitisha pesa noti inapita mikono ya watu wasiojuana kutoka siti ya nyuma mpaka mbele, na chenji inarudi vilevile mkono kwa mkono, na sijaona ikipotea. Akiingia mama na watoto wawili na gari imejaa kuna mtu atasema "leta huyo mdogo nimpakate" na mtoto anakaa pale mpaka steji ya mwisho kwa mapaja ya mtu asiyemjua. Hakuna jina limeulizwa. Wanashuka kila mtu njia yake.

Haya, jua. Hili ndilo lilinishangaza kuliko yote na nililigundua kwa simu. Jioni nikitoka kazini huwa nampigia mamangu nikingoja gari, na nikawa nasikia adhana ya magharibi nyuma yake, msikiti wa mtaani kwetu kabisa naujua kwa sauti ya muadhini, na mimi huku jua bado liko linanipiga usoni. Saa zetu ni moja, nchi ni moja, lakini Mombasa iko mashariki zaidi kwa hivyo jua linawaacha wao kwanza. Tofauti yenyewe haikai pamoja, miezi ya Juni na Julai inafika kama robo saa, Disemba inashuka chini ya dakika 10. Maisha yangu yote nilikuwa najua magharibi ni ile yetu, na sikuwahi kufikiria kwamba mtu wa Nairobi bado yuko mchana wakati sisi tumeshajipanga safu.

Na Ramadhani ilinikuta huku, peke yangu, ya kwanza mbali na nyumbani. Machi ile tofauti ni kama dakika 11. Siku ya kwanza nikampigia nikiwa nimepanga tende na uji wangu mezani, nasikia kule wameshaadhini, vikombe vinagongana, ndugu zangu wanagombania kaimati, na mamangu akanyamaza. Nikamuuliza mbona hufuturu, akasema amekula tende moja na maji, mengine atangoja mpaka huku Nairobi nako kuadhiniwe tule pamoja. Nikamwambia mama kula chakula kitapoa. Akasema kitapashwa. Na akafanya hivyo mwezi mzima, simu iko spika katikati ya mkeka, mimi huku nangoja muadhini wa Donholm na nyumba nzima ya Kisauni inangoja naye. Alfajiri inakuwa kinyume, wao wanafunga kwanza, kwa hivyo daku nilikuwa namalizia mimi huku yeye ameshatia nia yuaniambia ongeza maji mwanangu bado una wakati.

Maji nayo ni kitu. Kwetu tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, sabuni unaisugua mpaka mkono unachoka ndio upate povu. Huku maji ya mfereji yakija, yale yanayotoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ukigusisha sabuni tu tayari umejaa povu mwili mzima na halitoki upesi, unamwaga na kumwaga unahisi bado unateleza. Ni maji laini, hayana chumvi chumvi za ardhini. Kipande cha sabuni kinakaa mara mbili ya kule. Ila yanakuja kwa zamu, siku zake, na siku ambazo si zake unategemea ulichoteka, kwa hivyo huku nako kila nyumba ina mitungi imepangwa bafuni.

Baridi wameniambia wengi, hiyo si mpya, Julai hapa nalala na soksi. Lakini kile ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba baridi yenyewe inatoka kwetu. Mjomba wangu ni mvuvi, kuanzia Aprili mpaka Septemba ni kusi, bahari inachafuka, ngalawa zinabaki ndani ya mwamba, mfuko unakuwa mwembamba. Huo huo upepo ndio unaingia bara na unyevu wa bahari, unapandishwa na ardhi jinsi inavyoinuka, ukifika huku unakuwa mawingu mazito ya chini yanafunika mji kutoka asubuhi na jua linachungulia saa nane huko kama limetaka. Siku hizi nikifungua dirisha nikaona ile dari ya kijivu nampigia mjomba namuuliza bahari vipi, ananiambia kusi kali, nami namwambia nimeshaiona.

Kitu kingine ni majina ya steji. Huku unaelekezwa kwa vitu vilivyokwisha. Siku zangu za mwanzo naambiwa shukia Caltex, natafuta Caltex naangalia kushoto kulia hakuna kibao chochote cha jina hilo, manake Total waliinunua ile biashara ya Caltex hapa Kenya 2009 na mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima karibu, na bado anasema shukisha Caltex. Tao unaambiwa gari ziko Odeon, ziko pale Globe, na hizo zilikuwa sinema, filamu zilishaisha kitambo. Nimezipenda sana hizi. Vijana wanaotaja Odeon kila siku wengi wao hawakuwahi kuona filamu mle ndani, wamepokea jina kwa makanga kama vile sisi tulivyopokea Mwembe Tayari na Mwembe Kuku, hakuna anayeshuka pale akauliza mwembe uko wapi. Naona watu wanaosema Nairobi ni mji usio na kumbukumbu hawajawahi kuuliza njia.

Na wale korongo wakubwa wa pale Nyayo Stadium, wamekaa juu ya migunga na vichwa vyao vya upara, jam ikisimama pale mimi sitoi simu tena, nawaangalia wao. Mmoja akifungua mabawa basi lote kivuli.

Mamangu anakuja Agosti. Anataka kuja na treni, hajawahi kuipanda hii ya SGR tangu ianze 2017, na mimi nimefurahi achukue hiyo juu reli ndiyo iliyouzaa huu mji, ile ya zamani ilianza kwetu Mombasa 1896 ikafika hapa 1899, kabla ya hapo hapakuwa na mji, palikuwa na maji na malisho. Nimeshamweleza ashuke Syokimau nitakuwa hapo, tunaweza kuunganisha ile treni ndogo ya kuingia tao ama tuchukue gari, aamue miguu yake inasemaje. Nimemwambia abebe sweta mbili, iliki, papa mkavu kidogo na ile mbuzi ya kukunia nazi ya zamani, ya meno makali, hizi za huku sijazipenda. Maharagwe asibebe.

Jana nimemtajia mama mboga kwamba mamangu anakuja. Hakuinua uso. Akamaliza kukata sukuma ya mtu, akaniuliza anafika siku gani, ni asubuhi ama usiku, na kama anakula kunde ama managu. Nikamwambia kunde, na usiku. Akasema ataniwekea.