Huu wote ni pindo

Leo siku ya tano na maneno ya Halati bado yananizunguka kichwani. Nilidhani nikilala yatapoa. Hayakupoa.

Mnaonisoma humu mnaijua ile kazi: ukurasa wa mtandaoni wa kuuzia leso zake, niliomwahidi tangu kabla ya Ramadhani, nikaujenga usiku kwa usiku nikitoka ofisini, kwa yale niliyookota kwenye masomo ya Jumamosi. Jumapili nikavuka feri, laptopu nimeikumbatia kifuani, nikamkuta Kibokoni nyumbani kwake, yuko mlangoni penye mwanga anapinda doti kwa cherehani yake ya mkono.

"Masalkheri, Halati."

"Akheri, mwanangu. Umekuja nacho?"

Nikamfungulia kwenye simu yake mwenyewe, maana wateja wake wote ni wa simu. Akavaa miwani. Akaipeleka simu mbali, akairudisha, akaigeuza kulikwepa jua. Kidole kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Mimi nyuma ya bega lake, nangoja nisikie ma sha Allah.

"Nitizame wapi?"

"Popote, Halati. Zote ni leso zako."

"La, nakuuliza nianze wapi kutizama. Huu wote ni pindo, mwanangu. Mji wake uko wapi?"

Akanirudishia simu, akaendelea na cherehani. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ile ile anayomwambia msichana wake wa kazi kwamba doti hii imekatwa kombo, ifumue. Laiti angenigombeza ningejitetea. Sasa nijitetee kwa lipi?

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Tumekwenda Malindi kumposea mdogo wangu na wamekubali, alhamdulillahi, na kazini tumehamishwa ghorofa. Lakini nikiwa kwenye gari ya kurudi, wenzangu wanaimba, mimi nasikia "nitizame wapi?" Nikiwa feri nimebanwa baina ya mikokoteni, "nitizame wapi?" Tena lililoniuma zaidi ni jibu langu. Popote! Fundi anayeijua kazi yake hamwambii mteja atizame popote.

Kwa sababu ukweli ni kwamba nilitaka kila kitu kionekane. Rangi sita. Fonti tatu, moja ya kukunjakunja kama hati ya mkono. Juu kabisa picha zinazojisukuma zenyewe, chini yake salamu, pembeni nyota zinazometa. Kila kimoja nilikipenda peke yake, na kila kimoja kilikuwa kinamvuta Halati mkono.

Jumatano usiku nikatoa leso ya Mama kabatini, nikaitandaza kitandani. Nimezivaa leso tangu nizaliwe, wala sijawahi kukaa nikaitizama moja kwa dakika kumi. Pindo linazunguka pande zote nne, upana wa shubiri kasoro. Ndani yake mji, na katika mji ule kuna embe moja kubwa katikati, halafu kitambaa cheupe kitupu, kitupu kabisa, mpaka ufike kwenye jina. Jina ni mstari mmoja, herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, katika kisanduku chake: WEMA HAUOZI. Majina mawili hayakai kwenye leso moja. Rangi ni tatu tu. Jicho langu lilikwenda kwenye embe, kisha likashuka kwenye jina, kisha likazunguka pindo. Kila mara njia ile ile. Nikafumba macho nikafumbua, njia ile ile.

Basi nikakaa sakafuni na laptopu mpaka saa nane za usiku, na nasema kwa moyo mmoja kwamba sijawahi kuifurahia kazi namna ile.

Nilianza na bei, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo Jumapili nilikuwa nimelipuuza: Halati aliitaja bei ya leso ya kijani kuwa ni ya ile nyekundu iliyo chini yake. Nilidhani ni macho. Nikapima. Kutoka picha ya juu hadi bei, pikseli 24, yaani vile vinukta vya kioo cha simu. Kutoka bei hadi picha ya chini, pikseli 24. Bei ilikuwa haina mwenyewe! Mwalimu wetu alishatufundisha habari za Max Wertheimer, mwanasaikolojia aliyeandika kwa Kijerumani mwaka 1923 kwamba vitu vilivyokaribiana jicho huvihesabu kuwa kundi moja. Nikanakili kwenye daftari, nikafunga daftari. Sasa nikaiweka bei pikseli 8 chini ya leso yake na 40 juu ya leso inayofuata. Sikugusa rangi, sikugusa herufi, na ghafla kila leso ikawa na bei yake. Nilitamani kumwamsha mtu nimwonyeshe.

Halafu ile kijivu. Bei nilikuwa nimeziandika kwa kijivu chenye namba ya rangi 999999 juu ya nyeupe kwa kuwa niliona kinapendeza, na ukubwa wa pikseli 12. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na kila mtu, uliotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, unataka maandishi ya kawaida yaachane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu changu kinafika 2.85 kwa 1 tu. Kwa hiyo alipokuwa anaipeleka simu mbali na kuirudisha, alikuwa anatafuta bei, na mimi nimesimama pale nafikiri anastaajabia picha. Hili limenisikitisha kweli. Mama mtu mzima, jua la mlangoni, na mimi nimemfichia bei ya mali yake. Nikashuka hadi 595959, kijivu kilichokolea zaidi, ambacho ni 7 kwa 1, na herufi nikazipandisha hadi 16.

Mengine yalikuja upesi. Nyota nikazifuta. Fonti ikabaki moja, nene kwa majina ya leso na nyepesi kwa maelezo. Picha zinazojisukuma zikaondoka, ikabaki leso moja kubwa iliyokunjuliwa yote, na pembeni mwake nikaacha weupe mtupu. (Huo weupe mkono ulinitetemeka kuuacha. Mara tatu nilirudi kutaka kuujaza.) Rangi nyekundu nikaiweka kwenye kitufe cha kuagiza peke yake, wala hamna tena nyekundu nyingine kwenye ukurasa ila iliyomo katika leso zenyewe.

Jana asubuhi nikamtumia. Mchana kutwa kimya. Baada ya magharibi ikaja sauti yake kwenye simu, cherehani inasikika nyuma:

"Mwanangu, nimeona. Ile ya kwanza kubwa ni ile niliyoletewa juzi, sivyo? Na hii ya zambarau... ngoja... ah, bei yake hii hapa. Lakini jina la duka limekuwa dogo. Liongeze kidogo."

Ni hayo tu. Sauti hiyo nimeisikiliza mara saba. "Bei yake hii hapa." Hakuniuliza aanze wapi. Ma sha Allah bado hajaisema, na hilo la jina la duka nitalifanya leo usiku, ingawa naogopa likikua litashindana na leso ile ya kwanza. Nitajaribu kuliongeza unene badala ya ukubwa, nione.

Ila jambo jingine. Maji ya kisima chetu huku Likoni yamebadilika tangu Jumatatu. Chai imekuwa na chumvi, na sabuni haitoi povu. Jirani anasema bahari imeingia, Mama anasema ni ndoo tu haikuoshwa. Nimeosha ndoo mara mbili. Leo alfajiri nimeonja tena kwa kiganja, kabla ya mtu kuamka, na chumvi ilikuwepo.