Purimu mara mbili: kutoka Tel Aviv hadi Yerusalemu

Anayetaka kula Purimu, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka walivyookoka zama za Malkia Esta, mara mbili ndani ya mwaka mmoja hana haja ya kwenda mbali. Sikukuu anaianza Tel Aviv tarehe 14 Adari, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, kisha jioni ya siku hiyo anapanda treni ya Yerusalemu, ambako ndiyo kwanza inaingia. Nilisafiri hivyo mwaka 2023, tarehe 14 ilipoangukia Jumanne ya 7 Machi. Sababu imo katika Kitabu cha Esta, sura ya 9: Wayahudi wa mikoani walipigana na adui zao, wakapumzika tarehe 14, lakini wa Shushani, mji mkuu wa Uajemi, walipigana siku moja zaidi, wakapumzika tarehe 15. Ndiyo maana miji iliyokuwa na ukuta tangu zama za Yoshua husherehekea tarehe 15, na Yerusalemu ndio mji usio na ubishi katika hilo.

Siku ya Wayahudi huanza jua linapozama, kama sisi tunaposema usiku wa Ijumaa tukimaanisha ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa hiyo fika sinagogi mapema, saa ya watu kumaliza mfungo wa Esta, ule unaotangulia Purimu. Mlangoni kuna sahani yenye sarafu tatu za nusu shekeli: unatoa sadaka yako, unaziinua zile sarafu, unazirudisha kwa anayefuata. Kisha gombo la Esta husomwa lote, limekunjwa mkunjo juu ya mkunjo kama barua, maana lenyewe linajiita waraka. Jina la Hamani, adui aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, limo mara 54, na kila likitajwa watoto huzungusha vidude vya mbao vinavyokereza, wakubwa wakigonga miguu sakafuni. Usiendelee kupiga kelele msomaji anaponyamaza. Sharti la usiku huo ni kusikia kila neno, naye hawezi kuendelea mpaka pawe kimya. Majina ya wana kumi wa Hamani huyasoma kwa pumzi moja. Ukipata nafasi ya kuchungulia gombo, utaona yamepangwa kwa safu mbili, tofauti na maandishi mengine yote.

Asubuhi gombo husomwa tena, halafu mchana una kazi tatu. Kwanza, kumpelekea walau mtu mmoja vyakula viwili vya aina tofauti, vilivyo tayari kuliwa. Kilo ya unga haitoshi, na mchele mbichi pia hautoshi. Pili, kuwapa maskini wawili, kila mmoja zawadi yake, siku hiyohiyo. Vunja noti zako tangu jana yake, maana desturi ni kumpa kila anayenyoosha mkono bila kumhoji. Tatu ni karamu yenyewe, ambayo lazima ianze kabla jua halijazama. Kwa yote haya, kinachonigusa zaidi ni mitaa ya mchana: watoto waliovaa kama Esta, simba au zimamoto, wakipishana na sahani zilizofunikwa karatasi ya nailoni.

Purimu si siku ya kukatazwa kazi kama Sabato, kwa hiyo treni zinatembea. Kutoka Tel Aviv hadi kituo cha Yitzhak Navon ni kama dakika 40. Kituo hicho kiko chini sana ardhini, kama mita 80, ngazi za umeme zikifuatana, basi jiachie muda. Kutoka hapo hadi soko la Mahane Yehuda unatembea kwa miguu, na harufu ya siagi inakupokea kabla hujaliona.

Hapo ndipo penye masikio ya Hamani, oznei Haman kwa Kiebrania, biskuti za pembe tatu. Aliyezoea kukunja sambusa atadhani ni kazi nyepesi, kumbe hizi huachwa wazi katikati, na adui mkubwa ni kufunguka ndani ya oveni. Kwa biskuti zipatazo 30, chukua unga gramu 300, siagi baridi gramu 150, sukari laini gramu 100, yai moja, chumvi kidogo na ganda la limau lililokwaruzwa. Beking pauda isizidi nusu kijiko cha chai, maana donge likiumuka sana pembe huachia. Penye karamu ya nyama wengi hutumia mafuta badala ya siagi, kwa kuwa kwa sheria ya Kiyahudi maziwa na nyama havichanganywi.

Laza donge kwenye friji saa moja, lisukume unene wa milimita 3, kata duara za sentimita 8 kwa mdomo wa glasi. Weka kijazo kijiko kimoja cha chai, si zaidi. Kunja ubavu wa kwanza, wa pili uulalie, na wa tatu upite juu ya huo na kuingia chini ya ule wa kwanza. Kufinya pembe tu hakutoshi. Futa unga mkavu ukingoni kwanza, maana ndio unaozuia donge kushikana. Gandisha trei dakika 20, kisha oka kwa nyuzi 180 dakika 12 hadi 15, mpaka kingo ziwe kahawia.

Jamu nyepesi huchemka na kumwagika, hivyo anayeanza atumie tende zilizopondwa. Cha jadi ni mbegu za popi: saga gramu 150, pika na maziwa mililita 150 na sukari gramu 75 mpaka zishikane, acha zipoe kabisa. Zisage siku ya kupika, kwani mafuta yake huchacha upesi. Anayepitia Falme za Kiarabu asibebe mbegu hizo wala biskuti zake, kwa kuwa zimepigwa marufuku huko.

Zinakaa wiki nzima kwenye kopo lenye kifuniko. Zikibaki, zimalizwe ndani ya mwezi, kwa sababu Pasaka ya Kiyahudi ikiingia hakuna unga wa aina hiyo unaoruhusiwa kubaki nyumbani.