Vijiti vya dramu vilivyokuwa vikiniponyoka

Hapa Mtwara ninapopiga dramu kanisani, kila mtu aliniambia kwamba kijiti kikiponyoka, mwenye kosa ni mpigaji. Ushauri huo uliniudhi, kwa sababu vijiti vingi vya dukani hupakwa vanishi nzito inayong'aa, na jasho la Desemba likiigusa, inateleza. Mpigaji hulazimika kubana, na akibana, mkono humchoka kabla ya mahubiri.

Mzee mmoja wa kwaya alikuja na dawa yake: "Mwanangu, mpingo umejaa kwetu, nawe unanunua mti wa Marekani?" Fundi wa Mikindani akanikerezea jozi ya mpingo, nyeusi, laini bila vanishi yoyote, na wanakwaya wakapokezana kuisifu. Sifa ziliishia kwenye wimbo wa kwanza. Mpingo ni mzito hata huzama majini, ilhali hikori, mti unaotengenezewa vijiti vingi, huelea. Kwa hiyo kijiti kilekile kwa unene na urefu kilikuwa kizito karibu mara moja na nusu. Badala ya kuruka juu ya snea, ile ngoma iliyo mbele ya mpigaji, kilitua kama mchi kinuni, na kishindo chote kikapanda hadi kwenye kiwiko, wakati hikori hukimeza, ndiyo maana Wamarekani huitumia pia kwa mipini ya nyundo na shoka. Mzee alisema nitazoea. Nilimzawadia vijiti vyake, na vinapendeza sana sebuleni kwake.

Nilirudi kwenye hikori ya kawaida, ya elfu thelathini na kitu, nikaondoa vanishi kwa msasa namba 220 sehemu ya kushikia tu. Shingo na ncha niliziacha, kwa kuwa vanishi huzuia unyevu, na hewa ya bahari hii haina huruma kwa mti mtupu. Msasa uende kwa kufuata nyuzi za mti. Ukikata nyuzi, mikwaruzo hukereketa kiganja. Kisha nilipaka nta ya nyuki, kidogo mno, nikaisugua kwa kitambaa. Nta hiyo hulainika kwa joto la mkono na kushika, jambo ambalo vanishi haiwezi.

Siku hizi, kabla ya kulipa, huviviringisha vijiti juu ya kioo cha kaunta, kwani kilichopinda huyumba, kisha hukigonga kimoja kimoja nisikie kama vinalia sauti moja. Muuzaji hununa nikimfungulisha jozi tatu ili nichukue moja, nami humwacha anune.